Sindano Niliyomdunga Punda wa Mama Nyambura

Nyinyi mnaonitumia picha za magoti kwa simu, leo nawajibu wote kwa pamoja. Picha inaingia: goti la ndama limevimba kama chungwa, na chini yake mtu ameandika, "Madam, nidunge nini?" Hakuna salamu, hakuna umri wa mnyama, sijui hata kama anakula. Siwakasirikii. Nimestaafu, nakaa hapa Migosi na kuku wangu wanne, na muda ninao. Ila swali lenu linaanzia katikati. Swali la kwanza ni hili: ndani ya hilo goti kuna nini? Kiungo kilichochakaa kwa kazi na kiungo kilichojaa usaha vinaweza kuvimba sawasawa. Dawa inayomtuliza mmoja inaweza kummaliza mwingine.

Nilikuwa msaidizi wa daktari wa mifugo kwa miaka zaidi ya thelathini, kuanzia Bondo nilikozaliwa hadi Nyakach na mitaa ya Kisumu. Watu waliniita daktari, nami niliitika. Sitajifanya mnyenyekevu mbele yenu: kazi ya viungo naijua. Nikiweka mgongo wa mkono wangu juu ya goti la ng'ombe, nikaupeleka kwenye goti la pili ili nilinganishe joto, mara nyingi nilishajua nusu ya habari kabla sijafungua sanduku. Tumieni mgongo wa mkono, si kiganja. Kiganja kimeshika jembe, usukani na chai ya moto, hakisikii vizuri.

Nianze na ndama mmoja wa Pap Onditi, kwa sababu naye ni wa goti kama chungwa. Mwenyewe aliitwa Mzee Okelo, mtu mrefu mwenye kofia ya kijani asiyoivua hata kanisani. Ndama alikuwa na siku kumi na mbili. Magoti yote mawili ya mbele yamevimba, hawezi kusimama kunyonya, na mama yake analia zizini. Mzee alikuwa tayari ameshika wembe.

"Nyar Bondo," akaniambia, maana huko walinijua kama binti wa Bondo, "nataka kupasua hii maji itoke. Wewe utaweka dawa tu."

Nikamwomba wembe kwanza, nikautia mfukoni. Kisha nikamlaza ndama ubavu, nikaanza kumpapasa kitovu.

"Daktari, ugonjwa iko kwa goti. Mbona wewe unaangalia tumbo?"

"Naangalia mlango, Mzee."

"Mlango gani?"

Nikakibonyeza kitovu kidogo. Usaha ukatoka, mzito, wenye harufu ambayo haihitaji maelezo. Mzee akarudi nyuma hatua moja.

"Mlimpaka nini alipozaliwa?"

"Hakuna kitu. Ng'ombe za babu yangu hazikuwa zinapakwa kitu, na zilikuwa mingi."

Sikubishana na babu yake. Nilimweleza kwamba vijidudu vimeingilia kitovu kibichi, vikapanda kwenye damu, vikakaa magotini. Kwa hiyo dawa ipite njia hiyohiyo: sindano ya antibiotiki kwenye msuli, kila siku, kwa siku saba bila kuruka, na nyingine ya kupunguza maumivu ili ndama aamke anyonye. Wengi wenu mnasahau hiyo ya pili. Ndama asiyesimama hanyonyi, na asiyenyonya hafi kwa goti, anakufa kwa njaa.

Siku ya tatu ndama alisimama. Siku ya nne nikapata ujumbe kutoka kwa Mzee Okelo: amepona, usijisumbue kuja. Nikapanda baiskeli nikaenda hivyo hivyo. Nilipofika Mzee alikuwa amemfungia ndama nyuma ya nyumba, na yeye amekaa mbele kama mlinzi. Aliyemleta ni mke wake, Mama Risper. Alimkokota ndama kwa masikio hadi miguuni pangu.

"Dunga, Daktari," akasema. "Huyu mzee hata dawa zake mwenyewe hamalizangi."

Tukamaliza siku saba. Ndama huyo akawa ng'ombe wa maziwa, na kila jike alipozaa pale, Mama Risper alikuwa wa kwanza kufika na kichupa cha ayodini kuchovya kitovu. Hilo tu. Kichupa kidogo cha ayodini siku ya kwanza kinazuia sindano nyingi za siku ya kumi na mbili.

Mambo yamebadilika, najua. Siku zetu tulichemsha sindano za chuma kwenye sufuria, tukazinoa ncha kwa jiwe zikiwa butu. Ng'ombe wa Nyakach walizijua zile sindano kwa sura. Leo mnafungua karatasi, mnadunga, mnatupa. Juzi hapa Migosi jirani yangu, mwalimu mstaafu, aliniita nimtazame mbwa wake mzee anayeshindwa kupanda ngazi. Alikuwa anampa vidonge vyake mwenyewe vya mgongo, na mbwa ameanza kutoa kinyesi cheusi kama lami. Nilimpokonya vidonge nikamtuma kwa daktari kijana. Tumbo lilipotulia, kijana akamdunga chini ya ngozi sindano moja tu, ya kurudiwa kila mwezi, inayozuia maumivu ya viungo. Mimi nilicheka moyoni, nikasema sindano moja itafanya nini. Baada ya wiki mbili mbwa alipanda ngazi akalala kwenye kiti cha mwalimu. Nikaenda kumwambia yule kijana kwamba nilimcheka, na kwamba nilikosea. Si aibu. Nilishawahi kukosea vibaya zaidi, na hilo ndilo nililokaa kuwaeleza.

Nilikuwa mwaka wangu wa pili kazini, ofisi ndogo ya mjini Kisumu. Mkubwa wangu aliitwa Daktari Wekesa, mtu wa upande wa Bungoma, mnene, mpole wa sauti, mkali wa mikono. Alikuwa amenionyesha mara mbili jinsi ya kuingiza sindano ndani ya kiungo chenyewe, si kwenye msuli. Ni kazi ya kupendeza. Unakunja goti, unatafuta kwa kidole lile bonde kati ya mifupa, sindano inaingia bila kusukumwa, na ute wa kiungo unachungulia. Ute mzuri ni wa manjano hafifu, safi, na ukiuweka kati ya vidole viwili unavutika kama mrenda. Mara ya tatu nilitaka niwe peke yangu.

Nafasi ikaja. Daktari Wekesa alikwenda Bondo wiki nzima kwa kazi ya chanjo. Jumatatu akaingia Mama Nyambura na punda wake.

Mama Nyambura alikuwa mjane aliyetoka upande wa Nyeri, muuza kabichi na viazi. Mzigo ulipofika na lori alfajiri, aliubeba kwa mkokoteni wa punda hadi sokoni, na aliuongoza mwenyewe. Mwanamke kushika hatamu za punda mjini lilikuwa jambo la kuwafanya watu wasimame. Punda aliitwa Karani, kwa kuwa hakuwahi kuchelewa kazini. Watoto wanne wa Mama Nyambura walisoma kwa miguu minne ya huyo Karani.

"Daktari, goti hii ya mbele inamuuma asubuhi," akasema. "Akitembea inapoa. Lakini sasa hata mchana anachechemea."

Nililishika goti. Halikuwa na joto. Limenenepa, gumu kidogo, la mnyama aliyevuta mizigo miaka mingi. Nilipolikunja akavuta mguu. Kiungo kimechakaa. Hapo sikukosea, na hata leo ningesema hivyo. Dawa nayo sikukosea: kulikuwa na chupa ya steroidi, ya kutuliza uvimbe ndani ya kiungo. Nilikosea kila kitu kati ya chupa na goti.

Sikunyoa manyoya. Nilipangusa mara moja kwa pamba yenye spiriti, manyoya yamejaa vumbi la soko, nikaona yanang'aa nikadhani ni safi. Chupa ilikuwa imeshafunguliwa wiki iliyotangulia, imedungwa mara sijui ngapi. Sikuvaa glavu. Sindano iliingia vizuri ajabu, ute ukachungulia, nikajisifu kimoyomoyo, nikasukuma dawa.

Siku ya pili Karani alitembea kama punda wa miaka mitatu. Mama Nyambura alipita na habari soko zima. Nikienda kununua nyanya naongezewa mbili. "Huyu ndiye aliyemfufua punda!" Nilitembea katikati ya meza za mboga kama mtu aliyeshinda kiti cha ubunge.

Steroidi ina tabia moja ambayo naomba muiandike kwenye ukuta wa chumba mnacholala: inatuliza uvimbe, lakini pia inawalaza askari wa mwili. Ukiingiza uchafu pamoja nayo, uchafu unakaa humo ndani unazaana kimya, na mnyama anatembea vizuri, na wewe unasifiwa.

Siku ya nane Mama Nyambura alifika ofisini mapema, akimvuta Karani hatua kwa hatua. Punda alikuwa na miguu mitatu. Ule wa nne ulining'inia, ncha ya kwato tu ikigusa ardhi. Goti limejaa, ngozi imevutika inang'aa. Niliweka mgongo wa mkono na sikuhitaji goti la pili la kulinganisha.

"Ni nini, Daktari? Si alikuwa amepona?"

Nami nikasema, nanyi mnisikie nikisema: "Pengine amejigonga kwenye lami."

Yalinitoka haraka, kama mtu anayekwepa jiwe. Mama Nyambura akainama akalitazama goti. "Kujigonga? Hata alama hakuna." Hakuwa ananishtaki. Alikuwa ananiamini na anajaribu kuelewa, na hilo lilinichoma zaidi.

Daktari Wekesa alikuwa amerudi jana yake. Alitoka na kikombe cha chai, akamwona punda, akaweka kikombe chini. Alinyoa goti kwa wembe, akaliosha kwa sabuni ya dawa, akasuuza, akaosha tena, mara tano, kimya, nikihesabu. Kisha akaingiza sindano akavuta ute. Ulitoka mwepesi, wenye mawingu, kama maji ya kuosha mchele. Alijaribu kuuvuta kati ya vidole vyenye glavu. Haukuvutika. Ukadondoka tu.

Akaniita ndani, akafunga mlango.

"Nani alidunga hapa?"

"Mimi."

"Ulinyoa?"

"Nilipangusa."

"Sikuuliza kupangusa. Chupa ilikuwa mpya?"

Nikalitazama kabati. Akaliendea, akaitoa ile chupa, akatazama mfuniko wa mpira uliotobolewa kama chujio, akaitupa kwenye ndoo.

"Umemwambia nini yule mama?"

"Kwamba amejigonga."

Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alianza kushusha mifuko ya dripu kutoka rafuni, mmoja baada ya mwingine. "Huyu punda tunaweza kumwokoa, tukianza leo. Saa hii kiungo bado ni kiungo, kesho kutwa kitakuwa mfupa mbovu. Mimi naandaa maji. Wewe toka nje ukamwambie yule mama ukweli. Ukishindwa, usirudi humu ndani, kwa sababu siwezi kufanya kazi na mtu ambaye sijui lini anadanganya."

Kutoka mlangoni hadi kwa Mama Nyambura ni kama hatua kumi. Nimetembea safari nyingi katika kazi hii, kwenye matope ya Nyakach, mvua inanyesha, lakini hiyo ndiyo ninayoikumbuka kwa hatua.

"Mama," nikasema, "Karani hakujigonga. Niliingiza uchafu kwa sindano yangu. Nilidunga bila kumsafisha vizuri na kwa dawa iliyokuwa imefunguliwa. Ni kosa langu. Na nilipokwambia amejigonga nilikudanganya."

 Nilingoja matusi, nilikuwa nayataka. Akamgeukia punda, akamfuta machozi ya kona ya jicho kwa ncha ya leso yake. Kisha akanigeukia.

"Kabichi yangu inafika kesho saa kumi na mbili asubuhi," akasema. "Mkokoteni uko. Punda hakuna. Utakuja?"

"Nitakuja, Mama."

Siku hiyo tulimlaza Karani kwenye magunia uani, amedungwa dawa ya usingizi, Mama Nyambura ameshika kichwa. Daktari Wekesa aliingiza sindano mbili kwenye kiungo, moja upande huu na nyingine upande ule. Maji safi ya chumvi, ya dripu, yakaingia hapa yakatokea pale, yakibeba ule uchafu. Mimi nilikamua mifuko. Mwanzoni yalitoka ya mawingu, yenye vipande kama maziwa yaliyoganda. Mfuko wa tatu, wa nne, wa tano. Hatukuacha mpaka yalipotoka yakiwa kama yalivyoingia. Akamalizia na antibiotiki ndani ya kiungo, kisha nyingine kwenye mshipa, na ya maumivu. Tukarudia kuosha baada ya siku mbili, na tena baada ya mbili. Kila mara nilinyoa na kuosha mimi, mara tano, na Daktari alisimama nyuma yangu akihesabu kwa sauti ili uani wote usikie.

Na asubuhi nilivuta mkokoteni. Mama Nyambura anashika mti wa kushoto, mimi wa kulia, nimevaa gambuti za serikali, magunia ya kabichi nyuma. Siku ya kwanza nilidhani moyo utapasuka kwenye mwinuko wa njia ya sokoni. Vijana wa sokoni walifurahi mpaka wakakaa chini. "Daktari amekuwa punda! Daktari, sema hii-hoo!" Wale walioniongezea nyanya sasa waliniongezea ushauri: nipige hatua fupi, nisivute kwa mikono, nivute kwa kifua. Mama Nyambura hakucheka na hakunitetea. Siku ya tatu tu ndipo aliponipa gunia tupu nikunje niweke begani, mti usinichubue. Siku ya tano akaniuliza kama nimekunywa chai. Nilijua kutokana na mabega yangu kile ambacho Karani alikuwa akikibeba, na tangu hapo sijawahi kuandika kwenye karatasi "mnyama apumzishwe" bila kumuuliza mwenyewe ni nani atavuta.

Wiki ya pili uvimbe ulianza kushuka. Joto likapungua, ingawa Karani bado aliuinua mguu kila aliposimama. Daktari Wekesa alivuta ute kidogo. Ulikuwa wa manjano, ukavutika nusu kidole kisha ukakatika. "Unaanza kurudi," akasema. Lakini hatukujua kama mnyama ataukubali mguu. Kiungo kinaweza kupona usaha na bado mnyama akakataa kukikanyagia, mpaka kikagandia pale pale. Mama Nyambura alikuwa ameacha kuuliza. Alikuja, akashika kichwa, akaondoka.

Siku ya kumi na nne tulikuwa uani sote watatu, asubuhi, baada ya kabichi. Nilikuwa nimepiga magoti mbele nikinyoa. Daktari Wekesa akapita nyuma ya punda na ndoo ya maji ya sabuni, jambo ambalo alinikataza mimi kila siku ya maisha yangu. Sijui kama ni ndoo iliyogonga mguu au ni Karani aliyechoshwa na sisi. Alishusha kichwa, na miguu yote miwili ya nyuma ikaruka hewani. Ndoo ikaenda upande wa lango. Daktari Wekesa akaenda upande wa matope, akakaa kwa kishindo, sabuni imemjaa hadi kwenye masikio.

Nikakimbia kumwinua. Alikuwa ameshika paja, ananisukuma, ananionyesha kidole.

"Usiniangalie mimi! Angalia mbele! Umeona alisimama kwa miguu gani?"

Nikageuka. Ili punda arushe miguu ya nyuma, lazima uzito wake wote ukae kwenye ya mbele. Yote miwili. Karani alikuwa amesimama juu ya lile goti, sawasawa, masikio nyuma, amekasirika, na hakuinua mguu.

Daktari Wekesa akaanza kucheka akiwa palepale chini. "Bado mwezi mzima wa kupumzika," akasema katikati ya kicheko, "kisha mizigo myepesi tu. Lakini goti lipo, Mama Nyambura. Goti lipo!"

Mama Nyambura alikuwa amejiziba mdomo kwa leso, mabega yanatetemeka, sikujua analia au vipi. Akamwendea Karani, akamkumbatia shingo, akamsemesha kwa Kikuyu kwa muda mrefu. Kisha akatutazama, mmoja kwenye matope na mwingine na wembe mkononi.

"Wiki mbili hizi hata mimi nilikuwa nataka kupiga mtu teke," akasema, akininyooshea kidole. "Lakini Karani amekosea mtu. Mimi nilikuwa nimelenga huyu hapa."